Barua ya Wazi kwa Jaji Mkuu: Mtoto Aliyebakwa Asiitwe Aliyenajisiwa

Kwa Mheshimiwa Jaji Mkuu wa Kenya na Rais wa Mahakama ya Juu,
Nairobi.

KUH: ISTILAHI ZA MAKOSA YA KINGONO KATIKA MAHAKAMA ZA KISII NA NYAMIRA

Mheshimiwa Jaji Mkuu,

Barua hii inahusu kauli mbili zinazosikika katika mahakama za Kisii, Ogembo, Nyamira na Keroka panapotajwa kesi ya mtoto aliyetendewa ukatili wa kingono. Ya kwanza ni neno unajisi, ambalo mshtakiwa husomewa kwa Kiswahili, na ya pili ni maneno tabia mbaya, yanayotoka kinywani mwa mtoto anapotakiwa kueleza alichotendewa. Kauli ya kwanza humtia mtoto doa kabla ya ushahidi kusikilizwa, na ya pili huiacha mahakama ikikisia, kwa hiyo ofisi ya Jaji Mkuu inaombwa kuyawekea makosa haya majina rasmi, kwa Kiswahili na kwa Ekegusii, lugha ya Wagusii wa Kisii na Nyamira, yanayotaja kitendo na mtendaji waziwazi.

Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, iliyopelekwa Bungeni kama mswada na Njoki Ndung'u alipokuwa mbunge mteule, inatenganisha makosa mawili makuu. Kifungu cha 3 kinahusu ubakaji, yaani kumwingilia mtu bila ridhaa yake, na adhabu yake haipungui miaka 10 gerezani, ilhali kifungu cha 8 kinahusu kumwingilia mtoto, ambapo suala la ridhaa huondolewa kwa kuwa sheria haimtambui mtoto kuwa na uwezo wa kuitoa. Aliyemtendea hivyo mtoto wa miaka 11 au chini yake hufungwa maisha. Mtoto akiwa na umri wa miaka 12 hadi 15, kifungo hakipungui miaka 20, na akiwa na miaka 16 hadi 18, hakipungui miaka 15. Sheria imeandikwa kwa Kiingereza, na neno lililochaguliwa kwa kosa hili la pili ni la kale, lenye maana ya kutia uchafu, ambalo wakalimani wamelifasiri kwa uaminifu wote kuwa unajisi.

Uaminifu huo kwa neno la kigeni ndio ulioleta madhara, kwa sababu najisi ina historia yake katika Kiswahili. Asili yake ni Kiarabu, na katika fikihi ya Kiislamu, iliyoulea msamiati wa pwani kwa karne nyingi, najisi ni kitu kichafu kinachobatilisha ibada hadi kiondolewe na mahali pake patoharishwe, kama vile mkojo au damu. Kwa hiyo kunajisi ni kukitoa kitu katika hali ya usafi na kukitia katika hali ya uchafu, na anayebaki na uchafu huo ni aliyetendewa. Neno likihamishwa kutoka msikitini hadi kizimbani, mtoto ndiye hugeuka kuwa kitu kilichochafuka huku mtendaji akitoweka nyuma ya hali aliyoisababisha. Tena, kama nguo iliyochafuka inavyofuliwa ikarudi kabatini, neno hili hualika wazo kwamba madhara yanaweza kusafishwa kwa ng'ombe au kwa fedha zinazokabidhiwa baba wa mtoto katika kikao cha wazee, ilhali kifungu cha 40 cha sheria hiyo hiyo kimeweka uamuzi wa kusitisha mashtaka nje ya mikono ya familia.

Neno kubaka nalo lina historia, lakini historia yake inaelekea upande mwingine. Maana yake ya msingi ni kukamata kwa nguvu, na kwa hilo linafanana na neno la Kilatini rapere, yaani kunyakua, ambalo ndilo lililozaa neno la Kiingereza la kosa hili. Katika sheria ya Kirumi, na baadaye katika sheria za Westminster za Uingereza za mwaka 1275 na 1285, kunyakuliwa kwa mwanamke na kuingiliwa kwake kwa nguvu vilichanganywa, na mara nyingi aliyehesabiwa kuwa amekosewa alikuwa baba au mume. Ilichukua karne nyingi kwa sheria kukiri kwamba aliyedhulumiwa ni mwenye mwili wenyewe. Hata hivyo kubaka, tofauti na kunajisi, humtaja mkamataji na nguvu zake, wala halimpaki aliyekamatwa uchafu wowote.

Mchanganyiko wa aina hiyo uliwahi kutokea Gusii kwenyewe. Mwanahistoria Brett Shadle, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu ndoa na ukoloni katika nchi ya Wagusii, ameeleza zile zilizoitwa kesi za wasichana, zilizosikilizwa na wazee wa mahakama ya Ritongo, ambamo baba alimshtaki mwanamume aliyeondoka na binti yake pasipo mahari. Jina hilo lilimfunika msichana aliyetoroka kwa hiari pamoja na yule aliyeburutwa akilia, kwa kuwa swali lililopewa uzito lilikuwa la ng'ombe na la idhini ya baba. Katika makala yake ya mwaka 1959, mwanaanthropolojia Robert LeVine alikadiria, kwa kutumia kumbukumbu za mahakama za mwaka 1955 na 1956, kuwa mashtaka ya ubakaji katika Gusii yalifikia 47.2 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, dhidi ya 13.85 katika miji ya Marekani. Kadirio hilo lilijumlisha ubakaji na shambulio la aibu, yaani kumshika mtu kingono bila kumwingilia, na jamii nzima ikapata sifa mbaya katika vitabu vya ulimwengu kwa hesabu iliyounganisha makosa mawili tofauti.

Ugumu wa pili unatokana na adabu. Wagusii huita chinsoni ule mfumo wa heshima na haya kati ya vizazi, unaomzuia mtoto kutaja mambo ya mwili mbele ya watu wa rika la wazazi wake. Mtoto aliyelelewa hivyo, akisimama mbele ya hakimu, mwendesha mashtaka, karani na mshtakiwa, ambao wote wanaweza kuwa wa rika hilo, husema kwamba alifanyiwa tabia mbaya, na kwa mujibu wa malezi yake amesema kila kitu. Sheria lakini inadai uthibitisho wa kuingiliwa, hata kama ni kwa sehemu tu, na majaji wa rufaa nchini wamelazimika kupima kama maneno hayo yanatosha. Uzito wake ni mkubwa kwa sababu kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinairuhusu mahakama kumtia mshtakiwa hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake, mradi iridhike kwamba anasema kweli na iandike sababu zake. Kesi nzima inaweza basi kusimama au kuanguka kwa maneno mawili ya tafsida, yaani maneno ya kupunguza makali, ambayo hakuna aliyemsaidia mtoto kuyafafanua.

Lugha ya Kiswahili haijakosa njia nyingine. Nchini Tanzania, tangu sheria maalumu ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, kumwingilia msichana aliye chini ya miaka 18, awe ameridhia au hakuridhia, huitwa kubaka, isipokuwa katika ndoa iliyotambuliwa na sheria hiyo. Zanzibar nako hutumika neno udhalilishaji kwa ukatili wa aina hii kwa ujumla, nalo hutaja tendo la mtu kumshusha mwenzake hadhi. Yapo maoni kwamba unajisi linafaa kwa kuwa linalitenga kosa dhidi ya mtoto na kosa dhidi ya mtu mzima. Utengano huo ni wa lazima, lakini istilahi ubakaji wa mtoto inauhifadhi bila utata, kwa kuwa umri wa aliyedhulumiwa umo ndani ya jina lenyewe.

Mheshimiwa Jaji Mkuu, kifungu cha 47A cha Sheria ya Makosa ya Kingono kinaipa ofisi yako mamlaka ya kutunga kanuni za mahakama za kuitekeleza sheria hiyo, na Kiswahili kinachosomwa mahakamani ni tafsiri isiyohitaji kusubiri Bunge. Kwa msingi huo, yanaombwa mambo matatu. Kwanza, kosa la kifungu cha 8 lisomwe kwa Kiswahili kuwa ubakaji wa mtoto katika mahakama zote. Pili, liundwe jopo la wakalimani, mahakimu, wauguzi wanaojaza fomu za waathiriwa, na wajuzi wa Ekegusii, wanawake wakiwa si pungufu ya nusu, litakaloandaa orodha ya istilahi za viungo vya mwili na za makosa haya, ianze kutumika Kisii na Nyamira. Tatu, itolewe kanuni kwamba mtoto anayetumia tafsida aulizwe kwa upole na faraghani maana ya maneno yake, akisaidiwa na mpatanishi, yaani msaidizi wa mawasiliano na mahakama, anayeruhusiwa na ibara ya 50(7) ya Katiba, na jibu lake liandikwe kwa lugha aliyolisemea pamoja na tafsiri yake.

Mtoto anayefika mahakamani Nyamira au Ogembo ametimiza wajibu wake kwa kufika na kusema, na jina sahihi la kosa alilotendewa ni sehemu ya haki ambayo Mahakama inaweza kumpa hata kabla ya hukumu kuandikwa.

Kwa heshima na taadhima,

Mwandishi na mkazi wa Kaunti ya Kisii

Nakala: Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, Serikali za Kaunti za Kisii na Nyamira