Mgeni Njoo, Wenyeji Wapone: Kwa Nini Gusii Ijifunze Kuoka Makaroni

Mtu akipendekeza leo kwamba vijana wanaosomea uokaji Suneka, Keroka au Nyansiongo wafundishwe kuoka makaroni, jibu la kwanza litakuwa kicheko. Makaroni ninazozungumzia si tambi. Ni biskuti ndogo za Kifaransa, vipande viwili vya mviringo vilivyogandishwa pamoja kwa krimu, na hutengenezwa kwa unga wa lozi, sukari na ute wa yai. Lozi hazilimwi Gusii, yaani kaunti za Kisii na Nyamira, na abiria anayeshuka stendi ya Kisii asubuhi hutafuta chai na andazi, wala si biskuti ya rangi ya waridi. Hata hivyo naamini kwa dhati kwamba makaroni zina nafasi katika vyuo vyetu vya ufundi, tena nafasi ya mapema. Sisemi hivyo ili wahitimu wakaziuze. Nasema hivyo kwa kuwa hakuna somo la jikoni linalofundisha mambo mawili tunayoyahitaji zaidi kwa ukali kama makaroni: kupima kwa mizani, na kuoka bila kutegemea ngano. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu anaweza kutuponya, mradi tujue tunachotaka kwake.

Tuanze na kupima. Katika jikoni zetu, mkono ndio mizani. Mama anayepika chapati humwaga unga kwenye karai, akaongeza maji mpaka vidole vimwambie yametosha, na chapati zake hutoka laini kwa kuwa donge la ngano lina subira: likilowa huongezewa unga, likikaza huongezewa maji. Ujuzi huo ni wa kweli na haufai kudharauliwa. Shida ni kwamba hauandikiki, na haumwezeshi mtu kutoa trei 20 zinazofanana wala kumfundisha msaidizi kwa wiki moja. Makaroni hazina subira hiyo. Kanuni nyingi hutaka uzito wa unga wa lozi ulingane na uzito wa sukari ya unga, na ute wa yai uhesabiwe kwa gramu badala ya idadi ya mayai. Sababu iko wazi katika kila soko la Gusii: yai la kuku wa kienyeji ni dogo kuliko la kuku wa gredi, kwa hiyo kuandika "mayai matatu" ni kutoandika kitu. Tone la kiini likidondokea kwenye ute, mafuta yake hulizuia povu kuumuka. Rojo likikorogwa kidogo mno biskuti hupasuka. Likikorogwa kupita kiasi hutandaa kama uji. Kila kosa huonekana kwenye trei baada ya robo saa, na hakuna sukari wala rangi ya kulificha.

Nidhamu hii si ngeni kwetu. Mkulima wa chai wa Kebirigo, Sanganyi au Nyamache anajua tangu utotoni kwamba kiwanda kinataka majani mawili na chipukizi. Anajua pia kwamba akifika kituoni majani yatakaguliwa, kisha yatapimwa kwa kilo mbele ya macho yake. Sasa tuigeukie ndizi, zao ambalo jina la Kisii hutajwa nalo katika masoko ya miji mingi. Ndizi huuzwa kwa mkungu na bei hukadiriwa kwa jicho. Mwenye lori hutazama, hutaja bei yake, na mkulima mwenye shida ya karo hukubali. Sidai kwamba mizani imemtajirisha mkulima wa chai, maana malalamiko ya bonasi tunayasikia kila mwaka. Ila yeye anajua amepeleka kilo ngapi, na hapo ndipo madai yake huanzia. Mwokaji naye yuko katika hali ya yule wa ndizi. Akiuza keki ya harusi bila kujua imetumia gramu ngapi za siagi, unga na sukari, hawezi kujua kama amepata faida au amemzawadia mteja jasho lake. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la mwokaji huanzia kwenye mizani.

Somo la pili ni kubwa zaidi ingawa halionekani upesi: ndani ya makaroni hamna hata chembe ya ngano. Tumezoea kuamini kwamba kuoka ni kuoka ngano, na kila unga mwingine ni wa uji au wa ugali. Imani hiyo inatugharimu. Ngano ya Kenya hulimwa Narok, Uasin Gishu, Nakuru na Meru, nayo haitutoshi. Sehemu kubwa ya tunayokula huagizwa kutoka nje, ikiwemo ya Urusi na Ukraine. Vita vilipozuka kati ya nchi hizo mbili Februari 2022, bei ya unga na ya mkate ilipanda hadi dukani kijijini, mahali ambapo hakuna aliyekuwa na ugomvi na yeyote. Gusii haina ardhi ya kulima ngano. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Kaunti ya Nyamira, na Kisii pekee ina zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita mraba. Mashamba yamegawanywa kwa wana na wajukuu mpaka yamekuwa vipande. Katika kipande kama hicho kinachoota ni amatoke (ndizi), wimbi, viazi vitamu na mboga, na pembeni kuna kuku na ng'ombe mmoja au wawili. Mwokaji aliyefundishwa kwamba biskuti inayosifiwa sana Paris haina ngano hataona haya kuuliza wimbi, ambalo limelisha nyumba zetu kwa obokima (ugali) na uji vizazi na vizazi na lina madini mengi ya kalisi, linaweza kuokwa vipi. Hataona haya kukata ndizi mbichi vipande, kuvikausha, kuvisaga na kuujaribu unga wake.

Kati ya masomo hayo mawili kuna la tatu linalohusu hewa yetu wenyewe. Kanuni za keki tunazonakili ziliandikwa mbali na milima hii. Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu kubwa ya Nyamira iko juu zaidi. Kwenye mwinuko kama huo gesi ndani ya keki hutanuka kwa nguvu zaidi, keki huumuka haraka kisha hubonyea katikati, na dawa yake ni kupunguza poda ya kuumulia. Mvua yetu nayo hupita milimita 1,500 kwa mwaka, na unyevu ni adui wa makaroni: kabla ya kuingia ovenini, uso wa biskuti lazima ukauke na kufanya ngozi nyembamba, na siku ya mvua ngozi hiyo huchelewa au hukataa kabisa. Mwanafunzi aliyehangaika na unyevu kwenye biskuti ataelewa kwa nini vipande vya ndizi vilivyokauka nusu huvunda gunilani, na kwa nini njugu zisizokauka hazifai kusagwa. Kwa Wakenya hili si jambo dogo. Mwaka 2004 watu 125 walifariki Makueni, Kitui na maeneo ya jirani baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, na kuvu wa sumu hiyo hustawi penye nafaka isiyokauka. Anayetaka kuuza unga wa ndizi au biskuti za njugu lazima kwanza ajue kukausha ndizi au njugu zake, tena kwa kipimo badala ya kubahatisha.

Watapinga wengine kwamba Kisii hakuna soko la makaroni. Ni kweli, na sitafuti kuwashawishi vinginevyo. Mwanafunzi wa useremala huchonga kiungo ambacho pengine hatakiuza maishani, ili mkono wake ujifunze. Vivyo hivyo hapa. Hata hivyo wanaoiita biskuti hii anasa ya matajiri wakumbuke historia yake. Katika mji wa Nancy, Ufaransa, husimuliwa kwamba mapinduzi yalipozifunga nyumba za watawa mnamo 1792, masista wawili waliobaki bila riziki walianza kuoka na kuuza makaroni ili waishi, na mji ule huwakumbuka hadi leo kwa kitafunio hicho cha chai. Waliyooka haikuwa na rangi wala krimu ya katikati iliyokuja baadaye Paris. Ilikuwa lozi, sukari na ute wa yai mikononi mwa wanawake waliohitaji kula. Kwa hiyo hata huko ilikotoka, biskuti hii imewahi kuwa kazi ya maskini.

Pingamizi la gharama ni zito zaidi. Lozi ni ghali, na umeme ni ghali. Lakini nusu kilo ya lozi inatosha kulifundisha darasa zima mara ya kwanza, na baada ya hapo zoezi linaweza kurudiwa kwa njugu karanga zinazotoka Homa Bay jirani. Njugu zina mafuta mengi, hivyo husagwa kidogo kidogo pamoja na sukari zisije zikageuka siagi; hilo nalo ni somo. Tanuri la gesi au la makaa linafaa endapo ndani yake kuna kipimajoto, kwa sababu asiyejua joto la tanuri lake huoka kwa bahati. Mizani ndogo ya jikoni na kipimajoto kwa pamoja ni nafuu mno vikilinganishwa na oveni kubwa ambayo taasisi zetu hupenda kuzindua kwa hotuba na utepe.

Wapo pia watakaosema kwamba unga wa ndizi hauumuki na hauna ladha ya mkate. Wana haki ya kusema hivyo kuhusu mkate, kwa kuwa mkate husimama kwa gluteni ya ngano, na ndizi na wimbi havina gluteni. Keki na biskuti hazihitaji nguvu hiyo kwa kiwango kile. Zinahitaji yai, mafuta na vipimo sahihi, na ndipo hasa makaroni zinapotupa funzo. Tuanzie huko, mkate tuchanganye kwa kiasi. Majirani wametuonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Homa Bay, kiwanda cha Organi kilisaga rojo la viazi vitamu vya rangi ya chungwa kwa ushirikiano na Kituo cha Kimataifa cha Viazi, na kuanzia 2015 maduka ya Tuskys yaliuza mkate ambao sehemu ya unga wake wa ngano ilibadilishwa kwa rojo hilo. Viazi hivyo huupa mwili vitamini A, na kazi ya kuvieneza ilikuwa miongoni mwa kazi zilizowapatia Mganda Robert Mwanga na wenzake watatu Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016. Baadaye Tuskys ilianguka. Kuanguka huko ni onyo tusilolikwepa: bidhaa njema haitoshi ikitegemea mnunuzi mmoja. Soko la Gusii liwe shule za bweni, harusi, matanga, hoteli za Kisii na Keroka, na vibanda vya chai karibu na viwanda.

Jukumu la kuanza haliko Nairobi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 lilizikabidhi kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini pamoja na vituo vya sayansikimu. Kisii ina Chuo Anuwai cha Kitaifa, kilichokuwa zamani Taasisi ya Teknolojia ya Gusii, na ina kituo cha KALRO chenye watafiti wa kilimo. Nyamira ina ndizi, maziwa na chai. Kinachokosekana ni watu hawa kukaa meza moja na kuandika kanuni za uokaji za Gusii: gramu ngapi za unga wa ndizi katika keki ya kilo moja kwenye mwinuko huu, wimbi likaushwe vipi kabla ya kusagwa, biskuti idumu siku ngapi msimu wa mvua. Kanuni hizo zijaribiwe, zichapishwe, na zifundishwe kwa wavulana sawa na wasichana, kwani mwokaji ni fundi kama fundi mwingine. Mfano tunao: wachongaji wa Tabaka, hapa Kisii, hawakungoja marumaru ya Italia. Walichukua jiwe la sabuni lililo chini ya miguu yao, wakalitia ustadi, na vinyago vyao vikavuka bahari.

Kwa hiyo nawaomba mawaziri wa elimu wa kaunti zote mbili, wakuu wa vyuo na wakufunzi: kabla hamjanunua oveni ya pili, nunueni mizani kwa kila meza. Wafundisheni vijana makaroni katika muhula wa kwanza, na katika muhula wa pili wapeni unga wa amatoke na wimbi, muwaambie watumie nidhamu ileile. Nawe kijana unayelipa karo ya darasa la uokaji, siku ya kwanza usiulize utafundishwa keki ngapi. Uliza kama kuna mizani, na kama utafundishwa kuoka kile ambacho mama yako analima.