Tunalipia Kifusi Kimoja Mara Mbili

Ndugu zetu wapenda mageuzi, na nyinyi waumini mnaoupokea waraka huu mlangoni baada ya ibada, tunataka kusema neno juu ya matope. Tunakusudia matope yenyewe, yale yanayoachwa na mvua za masika kando ya Barabara ya Waiyaki hapa Kinoo, yakiwa yamechanganyika na matawi ya mikaratusi, mabati yaliyong'olewa na upepo, kokoto za majengo yasiyokwisha, mifuko na chupa, na kila kilichotupwa huko juu mlimani tangu mwaka uanze. Mvua ikishakatika, ni nani mwenye wajibu wa kuyazoa? Na ni nani alipaye?

Jibu la mtaani kila mmoja wetu analijua. Siku ya kwanza watu hutazama tu. Siku ya pili wenye nyumba hupita mlango kwa mlango wakikusanya mchango, na mama mboga ambaye kibanda chake kimezama hutoa sawa na mwenye ghorofa tano. Vijana wenye mikokoteni huingia mtaroni kwa mabeleshi, pasipo buti wala glavu, katika maji ambayo hakuna apendaye kuyataja jina. Jumapili kanisani kikapu cha pili hupitishwa. Kisha, wiki mbili baadaye, maji yakiwa yameshapata njia, hutokea lori moja lililobandikwa picha ya mheshimiwa, likazoa chungu lile lililobaki mbele ya kamera, na sisi tukaambiwa tupige makofi. Nasi, kwa aibu yetu, hupiga.

Tunasema makofi hayo yakome. Kazi iliyofanywa na lori lile ni kazi tuliyokwisha kuilipia.

Katiba ya mwaka 2010 haikuacha jambo hili gizani. Jedwali lake la Nne, Sehemu ya Pili, limezikabidhi kaunti uondoaji wa taka na majaa yake, barabara za kaunti, mifumo ya kupitisha maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa, na huduma za zimamoto na kukabiliana na maafa. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba kazi hizo zitafanywa na kikundi cha akina mama kwa fedha za mzunguko wao. Mfanyabiashara wa Kinoo hulipa leseni kila mwaka, mwenye ardhi hudaiwa kodi ya ardhi, na hata asiye na duka wala shamba hulipa: tangu Julai 2024 kila lita ya petroli au dizeli inatozwa Sh25 kwa matengenezo ya barabara, kutoka Sh18 za hapo awali, na matatu haimbebi mtu yeyote bila kumrudishia tozo hiyo ndani ya nauli. Mtu akisema mwananchi hachangii usafi wa mitaro, huyo ama hajui hesabu au anatuchezea shere.

Tunajua hila itakayofuata, maana imezeeka. Barabara kuu, wataambiwa waulizao, ni ya serikali kuu; mtaro wa kando ni wa kaunti; bonde lililo chini ni mto, na mto una wenyewe; na mpaka wa Nairobi uko hapo tu Uthiru, basi huenda taka ni za jirani. Barabara yetu ilipanuliwa kutoka James Gichuru hadi Rironi, umbali wa kilomita 25 hivi, na lami pana hukusanya maji mengi kuliko udongo wa shamba la kahawa uliokuwapo zamani. Maji hayo hayaulizi mpaka wa kaunti. Mto Nairobi huanzia katika kinamasi cha Ondiri, hapo Kikuyu, ukashuka hadi Chiromo, ukapita Gikomba na kuelekea Korogocho. Kinachoachwa katika mitaro na mabonde ya huku juu kitakwenda kulala mlangoni mwa mtu maskini zaidi huko chini. Ikiwa ofisi tatu zinagawana lawama, na zigawane pia gharama. Sisi hatukuchora mipaka hiyo.

Wako watakaosema tunapiga kelele juu ya uchafu wakati nchi ina mambo makubwa. Hao tunawapeleka Mai Mahiu. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024 ukuta wa maji na tope ulivifagia vijiji, ukaua zaidi ya watu 45 katika saa chache. Kwanza ilidhaniwa bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ikaeleza kwamba njia ya maji ipitayo chini ya tuta la reli, upande wa Old Kijabe, ilikuwa imezibwa na takataka na magogo, maji yakajikusanya nyuma yake hadi tuta likashindwa. Someni tena maelezo hayo polepole. Ni kalvati lililoziba. Ni kazi ya mabeleshi, magari machache na mtu wa kukagua kabla ya masika, na kwa sababu haikufanywa watu walizikwa na wengine hawakuonekana tena.

Na mwaka ule ule tulionyeshwa ya kwamba mitambo ipo. Masika ya 2024 yaliua karibu watu 300 nchini. Mapema Mei serikali ikaamuru walioishi kando ya mito wahame, na matingatinga ambayo hayakuwahi kuonekana mtaroni yakapatikana mara moja kubomoa nyumba za Mathare na Mukuru. Ahadi ikatolewa ya Sh10,000 kwa kila jamaa iliyofurushwa. Tarehe 10 Mei tukapewa siku ya mapumziko tuomboleze na kupanda miti. Hatuipingi miti. Twauliza tu ni nani aliyezoa vifusi vya nyumba zile, kwa shilingi ngapi, na vilipelekwa wapi.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yetu, nasi twaomba msomaji atuvumilie kidogo, kwa kuwa wizi wa siku hizi hujificha ndani ya maneno ya sheria kuliko ndani ya masanduku.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 yairuhusu kaunti kuwa na Hazina ya Dharura, isiyozidi asilimia 2 ya mapato yake ya mwaka uliotangulia. Fedha hizo zaweza kutolewa kwa haraka, na idhini ya bunge la kaunti kutafutwa baadaye, ndani ya miezi miwili. Jambo jema, nyumba ikiwaka hatungojei kikao. Lakini sheria imeweka sharti: haja iwe ya haraka na isiyotazamiwa. Vivyo hivyo sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inaruhusu kumpa mkandarasi kazi moja kwa moja, pasipo ushindani wa zabuni, kwa sababu ya haraka pale tu ambapo haraka hiyo haikuweza kuonekana mbele.

Sasa tujibuni, enyi waheshimiwa: masika hayakutazamiwa na nani? Yamekuja Machi tangu enzi za babu zetu. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wake kabla ya msimu. Kuziba kwa mitaro ni jambo la hakika kama Krismasi. Basi kwa nini fedha za kuizibua zisiwekwe katika makadirio ya kawaida, zikajadiliwa hadharani, zabuni ikatangazwa mwezi wa Januari na kazi ikakaguliwa Februari? Kwa sababu, twasema bila kupepesa, mtaro uliozibuliwa Februari haumtajirishi mtu. Mtaro ulioachwa hadi ufurike Aprili huwa dharura, na dharura haina mnada, na asiyeshindania kazi hutaja bei aitakayo. Pale penye uzembe hupatikana pia kisingizio cha kutoa fedha gizani. Twakiri hatumshtaki mtu kwa jina. Twashtaki mlango ulioachwa wazi.

Kazi ya kuzoa kifusi ina shimo jingine ambalo wachache hulifikiria. Hulipwa kwa safari. Nani huzihesabu safari? Jaa kubwa la Kiambu liko Kang'oki, Thika, upande wa pili kabisa wa kaunti. Jaa la Dandora, ambalo ni la jirani zetu, lilitangazwa kujaa mwaka 2001. Lori lisilo na mtu wa kuandika namba yake langoni laweza kumwaga mzigo bondeni usiku na kudai mafuta ya kwenda Thika na kurudi. Na mvua ya pili italirudisha tope lile lile mtaroni, lizolewe tena, lilipiwe tena.

Mambo haya si mapya. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilipozivunja barabara na madaraja yetu, Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dharura wa dola milioni 40. Mkopo huo ni wa wote. Waliokuwa hawajazaliwa wamerithi deni. Na wakazi wa Nairobi wenye umri watakumbuka kwamba baraza lao la madiwani lilivunjwa mwaka 1983 na jiji likaendeshwa na tume ya kuteuliwa hadi 1992, wakati ambapo mtu hakuwa na diwani wa kumwuliza taka zitazolewa lini. Waliokwenda Kamukunji tarehe 7 Julai 1990 hawakutaka vyama vingi ili tuwe na rangi nyingi za fulana. Walitaka mtawala aulizwe, naye ajibu. Diwani tumempata, sasa anaitwa mwakilishi wa wadi, naye amegeuka kuwa mfadhili.

Neno letu kwa kanisa ni la mapenzi, lakini halina sukari. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwazuia wanasiasa kuhutubu madhabahuni katika makanisa ya Anglikana. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliirudisha sadaka ya mamilioni iliyotolewa na Rais katika kanisa la Soweto, Kayole. Viongozi hao walionyesha kwamba kanisa laweza kusema hapana. Je, ushirika wa mtaani utakataa lori? Lori lenye picha ni sadaka ile ile, ila inanuka tope. Tukilishukuru kutoka mimbarini tumelitakasa.

Na wapo kati yetu wasemao kwamba Mkristo hangoji serikali, huona taabu akatenda. Ni kweli. Basi tumsome Nehemia mpaka mwisho. Alipoujenga ukuta wa Yerusalemu, kifusi kilikuwa kingi hata wabebaji wakachoka. Lakini kila jamaa iligawiwa sehemu yake na jina lake likaandikwa, nani amejenga kutoka lango lipi hadi lango lipi. Tena yeye, akiwa liwali, miaka kumi na miwili hakula posho ya liwali, kwa sababu watu walikuwa wamelemewa. Huo ndio ujitoleaji wenye daftari. Kinyume chake ni huu wa kwetu, ambapo maskini hujitolea na liwali hula.

Kwa hiyo hatusemi msizoe. Mtaro ukiziba, zoeni, watoto wasife. Ila kila kikundi kiweke hesabu: wangapi walifanya kazi, saa ngapi, mkokoteni ulikodiwa kiasi gani, kalvati lipi, tarehe gani, na picha. Stakabadhi hizo zifungwe pamoja na zipelekwe kama ombi rasmi kwa bunge la kaunti, haki ambayo kila mtu anayo chini ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Barua nyingine, chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, iulize Hazina ya Dharura ilitumia nini masika yaliyopita, mkandarasi nani, safari ngapi, jaa gani. Ofisi inayo siku 21 za kujibu. Ikinyamaza, Tume ya Haki ya Utawala ipo, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu naye hupaswa kuletewa taarifa ya hazina hiyo ndani ya miezi mitatu baada ya mwaka wa fedha kufungwa.

Barua zisichelewe. Makadirio ya kaunti hufikishwa bungeni kabla ya Aprili 30, na siku hiyo mvua huwa imekwisha kutukuta. Mkakati unaoyatangulia huwasilishwa kabla ya Februari 28, baada ya maoni ya wananchi kutafutwa. Kila ushirika na uchague watu wawili wa kuhudhuria, mmoja wao awe kijana aliyewahi kuingia mtaroni, na wote wawili wajue kalvati za kwao kwa idadi.