Tuwaimbe Bila Kungoja Machi

Kila Machi 8, Siku ya Wanawake Duniani, inapokaribia simu yangu haipumziki. Waandaaji wa matamasha wanataka nyimbo mbili tatu za watunzi wanawake. Nakwenda, naimba, makofi yanapigwa, kisha tunarudi kwa Handel na Schubert mpaka mwaka mwingine. Desturi hii imenichosha, nami nawaomba wenzangu tuiache.

Mimi ni mwimbaji wa soprano hapa Nairobi. Walimu wangu walikuwa wazuri, ila katika mitihani yangu yote sikupewa hata wimbo mmoja wa mwanamke. Mtunzi Florence Price nilimjua baadaye, nikisoma habari za Marian Anderson, mwimbaji ninayempenda kuliko wote. Aprili 9, 1939, baada ya kunyimwa ukumbi wa Constitution Hall kwa sababu ya rangi yake, Anderson aliimba nje, mbele ya jengo la kumbukumbu ya Lincoln, Washington, watu wapatao 75,000 wakimsikiliza. Mojawapo ya nyimbo za siku ile, wimbo wa kiroho wa Wamarekani Weusi, ilipangiwa muziki na Price.

Price alizaliwa Arkansas mwaka 1887, akasomea Boston, akahamia Chicago. Juni 1933 okestra kuu ya mji huo ilipiga simfoni yake ya kwanza, heshima ambayo hakuna mwanamke Mweusi wa Marekani aliyekuwa ameipata. Miaka 10 baadaye alimwandikia Serge Koussevitzky, kondakta wa okestra ya Boston, akamwambia waziwazi kwamba ana vikwazo viwili, jinsia yake na rangi yake, na kwamba anachoomba ni kazi yake ipimwe kwa ubora wake. Koussevitzky hakuipiga. Price akafariki mwaka 1953.

Mwaka 2009, watu walionunua nyumba iliyotelekezwa huko St. Anne, Illinois, walikuta humo marundo ya karatasi zake. Mti ulikuwa umetoboa paa. Karatasi zilipona kwa sababu zilikuwa katika sehemu ambayo mvua haikuifikia, na ndani yake mlikuwa na konseto mbili za fidla na simfoni ya nne. Kila nikiwaza habari hii naumia. Ule wimbo wa Anderson haukuhitaji kuokotwa na mtu: ulichapwa, ukaimbwa, wanafunzi wakaurithi kwa walimu wao. Kinachookoa kazi ya mtunzi ni waimbaji kuiimba mara kwa mara.

Mwaka jana niliimba *Songs to the Dark Virgin*, shairi la Langston Hughes ambalo Price alilitungia muziki. Piano inatiririka bila kukatika, sauti inapita juu yake polepole, na usipopanga pumzi mapema sentensi ya mwisho inakufia kooni. Tulipomaliza, mzee mmoja wa kwaya alinishika mkono. "Binti yangu, huyu mama mbona hatukufundishwa?"

Walimu wa kwaya, Desemba inakuja na wengi wenu mtaimba *Messiah*. Iimbeni, naipenda. Lakini kabla yake wekeni wimbo mmoja wa Price, au wa Fanny Hensel, ambaye nyimbo zake sita zilitolewa kwa jina la kaka yake, Felix Mendelssohn. Na kwenye karatasi ya programu, jina la mtunzi liandikwe kamili.