MAGEREZA YAJAZWA NA NANI?

Wako wakubwa wasemao kwamba magereza ya Tanzania hujaa kwa kuwa vijana wa siku hizi ni wahuni, hawataki kazi. Wengine huwalaumu polisi. Sisi twasema, itazameni sheria yenyewe, na mfuko wa mshitakiwa.

Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere alishitakiwa kwa maandishi ya Sauti ya TANU juu ya Mabwana Shauri wawili. Hakimu akampa achague: faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Faini ikalipwa, Mwalimu akarudi kazini. Sasa fikirini, ndugu, habari za muuza karanga wa Kariakoo asiye na jamaa wa kumchangia. Kosa lake dogo, faini yake ndogo, lakini hana kitu. Basi huenda ndani. Na mwenziwe anayengoja kesi, akikosa mdhamini, hulala mahabusu kabla hatia yake haijathibitishwa. Huko nyumbani watoto wala nini?

Sheria ya uzururaji haikutungwa na Mwafrika. Waingereza waliitunga kwao mwaka 1824 ili kuwaandama maskini wasio na kazi wala makao, kisha wakaieneza katika makoloni. Ndiyo ikaingia katika Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika. Bendera yao ikateremshwa mwaka 1961, vifungu vikabaki. Tena, na hili si tamu kulisema katika gazeti la Chama, mwaka 1983 Serikali yetu wenyewe ilileta Nguvu Kazi, watu wakakamatwa mjini Dar es Salaam kwa kukosa kazi inayotambuliwa.

Tarehe 9 Desemba 2019 Rais Magufuli aliwasamehe wafungwa 5,533. Jambo jema sana. Lakini msamaha haugusi kifungu hata kimoja, na karandinga ziliendelea na safari zake.

Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika, iliyo hapa hapa Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zapingana na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu, na kwamba nchi zizifute au zizirekebishe. Malawi haikungoja: Mahakama Kuu yake ilikibatilisha kifungu cha namna hiyo mwaka 2017.

Wanachama waulizeni Wabunge wenu wamefanya nini juu ya maoni hayo. Na mahakimu nao: Sheria ya Huduma kwa Jamii ilipitishwa mwaka 2002, ili mwenye kosa dogo afagie soko au achimbe mtaro, jioni arudi kwa wanawe. Waitumie.