Mshauri wa Shirika Si Hakimu



Umeenea kati yetu usemi kwamba mambo ya shirika humalizwa ndani ya shirika. Mara nyingi usemi huo unafaa. Wanandoa wamegombana juu ya pesa ya soko, ndugu wawili wanabishania mpaka wa shamba la mihogo, jirani amemtukana jirani: wazee wa jumuiya huketi, husikiliza pande zote mbili, na amani hurudi bila mtu kulipa wakili. Hayo hatuyapingi. Tunawapinga wale wanaoupeleka usemi huo mahali pasipo pake, hata ushauri wa walei umekuwa mahakama ndogo yenye karani, waamuzi na faini.

Tutaje jambo lenyewe bila kuzunguka. Binti amebakwa. Mama yake, asiyejua aanzie wapi, anamwendea mshauri wa shirika. Mshauri anawaita wazee, wazee wanaiita familia ya kijana, na binti anasimamishwa mbele ya watu wazima wanane aeleze, kisha aeleze tena kwa sababu mmoja alichelewa kufika. Jioni inatajwa bei: mbuzi wawili, kreti ya bia, mara nyingine ndoa. Sala inasaliwa, watu wanapeana mikono, na tendo hilo linaitwa upatanisho. Asiyepata kusikia visa vya namna hiyo kandokando ya ziwa letu, toka Kavimvira hadi Mboko, labda hajakaa nasi sana.

Huo si upatanisho. Sheria za nchi yetu za tarehe 20 Julai 2006 juu ya ukatili wa kijinsia hazikubali kesi ya namna hiyo izimwe kwa kulipa faini, sembuse mbuzi. Tena kuna saa zinazokwenda. Dawa ya kumkinga aliyebakwa na virusi vya Ukimwi huanzwa kabla ya saa 72 kupita. Ni siku tatu tu. Wazee wakikutana Jumanne, wakaahirisha hadi Jumamosi kwa sababu baba wa kijana yuko ziwani anavua, wamekwisha kumnyima binti yule dawa ambayo angeipata bila wao. Wanaweza kuwa watu wema, wenye kusali rozari kila siku. Wema wao haurudishi saa zilizopita.

Wanaotetea desturi hii hutuonyesha Injili ya Matayo, sura ya 18. Tunawaomba waisome upya, polepole. Bwana wetu anaanza na watu wawili faraghani, si na kikao. Kanisa zima linakuja mwisho, baada ya njia nyingine kushindikana. Isitoshe, anayepewa hatua ya kwanza ni yule aliyekosewa. Hakuna mstari unaomlazimisha asimame mbele ya umati kutetea jeraha lake. Na anayetaka kanuni badala ya Injili, asome kanuni ya 220 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983: hakuna aliye na ruhusa ya kuchafua jina jema la mtu bila haki, wala kuvunja haki yake ya kulinda mambo yake ya siri.

Hapa wengine watapaza sauti: basi walei waache, ushauri urudi kwa padri peke yake. Hao nao twawapinga, na pengine kwa nguvu zaidi. Padri mmoja ana makanisa madogo mengi, mengine yako milimani anakofika kwa miguu. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika na kubeba nyumba na watu, makanisa yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya Korona. Nani aliketi na waliofiwa? Jirani wa shirika. Mwezi wa pili wa mwaka 2025, Bukavu ilipoanguka na watu wetu wakaanza kuvuka Rusizi kwenda Burundi au kupanda mitumbwi kuelekea kusini, mama aliyepotezana na watoto njiani hakutafuta kwanza ofisi ya parokia. Alimshika mkono mama aliyekuwa karibu naye.

Kanisa lenyewe halikumwachia padri peke yake kazi hii. Kanuni ya 228 yasema kwamba walei wenye elimu, busara na mwenendo mwema wanaweza kuwasaidia wachungaji wakiwa wataalamu na washauri. Papa Fransisko, katika waraka wake wa Furaha ya Injili wa mwaka 2013, alitaka mapadri, watawa na walei wote wafundwe namna ya kuandamana na mwenzao. Naye alitupa mfano. Tarehe 1 Februari 2023, kule Kinshasa, alikutana na wahanga wa mashariki ya nchi yetu. Walisimulia waliyotendewa, wakaweka chini ya msalaba panga na visu vilivyofanana na vile vilivyowaumiza. Papa alisikiliza kwanza, ndipo akasema.

Kitabu cha Yobu kinatufundisha vilevile. Rafiki zake watatu waliketi naye chini siku saba mchana na usiku bila neno, kwa kuwa waliona uchungu wake ni mkubwa mno. Hiyo ndiyo wiki waliyofanya kazi njema. Walipofungua kinywa walianza kutafuta kosa lake, na mwishoni mwa kitabu Mungu anawakasirikia. Washauri wetu wengi wanairuka wiki ile ya kwanza.

Tusisahau pia mahali watu wanapokwenda wakiona siri yao haina usalama kwetu. Wanakwenda kwenye vyumba vya maombi, ambako nabii anamtajia mama mwenye huzuni jina la bibi kizee wa nyumba ya pili kuwa ndiye mchawi wake. Huwa tunawalaumu kwa kwenda huko. Lakini mtu aliyesikia habari zake za ndani zikirudiwa kwenye foleni ya maji, tunamwambia nini ili abaki?

Wengi wetu makatekista tumepita shule ya ualimu. Tulisomea miaka kadhaa kabla ya kukabidhiwa watoto na chaki. Ajabu ni kwamba mtu anakabidhiwa machozi ya wenzake baada ya kuchaguliwa kwa kupaza mikono, Jumapili moja, kwa kuwa ana sauti nzuri na saa ya mkononi. Mshauri afundishwe na wanaojua, na wapo: katika vituo kadhaa vya afya kuna wasaidizi wa kisaikolojia wanaofanya kazi hii kila siku. Ajue kwamba yeye hatoi maondoleo, hiyo ni kazi ya padri katika Sakramenti ya Kitubio. Ajue pia kwamba hatoi hukumu. Katika kila shirika awepo mama wa kuwasikiliza akina mama na mabinti. Aliyebakwa asindikizwe hospitalini siku ileile, kabla ya kikao chochote, na habari ya kwenda mbele ya sheria izungumzwe naye na wazazi wake, bila mbuzi kutajwa. Mshauri aape mbele ya paroko kutunza siri, naye akiivunja aondolewe bila kujali ni mkwe wa nani.

Limebaki jambo moja la haraka. Katika mashirika kadhaa kuna daftari la mashauri, ambamo karani ameandika majina, makosa na faini za watu. Madaftari hayo hulala mezani, watoto huyafunua, wageni huyasoma. Tunaiomba halmashauri ya kila parokia iulize katika kikao chake kijacho ni nani anayo, na iyakusanye yote mikononi mwa paroko kabla ya Majilio.