Kikanisa cha Kikapu cha Samaki

Mara nyingi twasikia watu wakisema: «Kanisa la kijiji chetu ni dogo; nani atajisumbua kuziba paa lake?» Basi leo tutazame kikanisa kimoja cha shamba, kidogo kama chumba cha shule, ambacho sifa yake imeenea duniani.

Katika nchi ya Italia, bondeni chini ya mji wa Assisi, palikuwa na kikanisa cha mawe cha Bikira Maria, Malkia wa Malaika. Watu walikiita Porziuncola, maana yake kipande kidogo. Kilikuwa mali ya watawa Wabenedikto wa mlima Subasio, lakini hakuna aliyekitunza. Kuta zake zilikuwa zikibomoka.

Ndipo akaja Fransisko, mtoto wa tajiri mwenye kuuza vitambaa. Alikuwa ameiacha mali ya baba yake. Aliomba mawe mjini kama maskini aombavyo chakula, akayabeba mwenyewe mabegani. Kwanza alitengeneza kanisa la San Damiano, kisha lingine, na la tatu likawa Porziuncola. Yapata mwaka 1208, akiwa humo katika Misa, alisikia Injili ya Yesu akiwatuma mitume bila dhahabu, bila mkoba, bila viatu. Hapo akaijua kazi aliyoitiwa. Humo pia, yapata mwaka 1212, usiku wa Jumapili ya Matawi, alimpokea Klara, binti wa ukoo mkubwa, akamkata nywele awe mtawa.

Abate wa Wabenedikto aliwaachia Fransisko na ndugu zake kikanisa kile. Lakini yeye hakutaka kuwa mwenye mali. Kila mwaka ndugu waliwapelekea watawa kikapu cha samaki kuwa kodi, ili wasisahau kwamba wao ni wapangaji tu. Waandishi wa maisha yake wasimulia tena kwamba watu wa Assisi waliwajengea ndugu nyumba ya mawe mahali pale. Fransisko alipoiona alipanda juu ya paa, akaanza kung'oa vigae. Aliacha tu alipoambiwa kwamba nyumba ni ya mji. Aliyetoa jasho kwa ajili ya nyumba ya Mungu hakutaka nyumba yake mwenyewe.

Alikufa karibu na kikanisa hicho, jioni ya tarehe 3 Oktoba 1226.

Baadaye mahujaji wakawa wengi. Mwaka 1569 kanisa kubwa likaanza kujengwa juu yake, likamalizika mwaka 1679. Kikanisa kikabaki ndani, kama kifaranga chini ya mbawa za mama yake. Mwaka 1832 tetemeko la nchi likaangusha sehemu kubwa ya kanisa lile kubwa. Kikanisa kikasimama. Hata leo kingali palepale, na watu huingia kusali.

Enyi wazazi, nanyi wanafunzi, kikanisa cha kijiji chenu chahitaji nini? Labda nyasi za paa, udongo wa kuziba ufa, au ufagio wa Jumamosi. Tusingoje fedha kutoka mbali. Fransisko alianza kwa mawe ya kuombwa. Na kazi ikiisha, mtu asiseme: «Kanisa hili ni la ukoo wetu», kwa kuwa alibeba matofali mengi. Nyumba ni ya Mungu. Sisi tu wapangaji, na kazi ya mikono yetu ndiyo kikapu chetu cha samaki.