Kaskazini yote isining'inie kwenye njia moja ya umeme



Hili ni dukuduku letu sisi wa visiwani, kaskazini ya Cabo Delgado, Msumbiji.

Hapa Vamizi hatuna umeme wa gridi. Lakini ukikatika Palma, huko bara, hasara yake inatufikia, maana barafu yetu hutoka huko. Mashua ikirudi na makasha matupu, changu na kolekole waliokuwa wauzwe wabichi hupasuliwa, wakatiwa chumvi na kuanikwa. Ng'onda haina bei ya samaki mbichi, na masika hata jua la kuanikia hulipati.

Balaa tumeziona zikifuatana. Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kiliangusha nguzo, zikasimamishwa. Mwaka 2020 vita vya waasi vikaharibu kituo cha kupozea umeme cha Awasse, na wilaya za Mocímboa da Praia, Palma, Mueda, Nangade na Muidumbe zikakaa gizani zaidi ya mwaka. Septemba mwaka huohuo vita vikatufuata hadi kisiwani, watu wakahama. Desemba 15, 2024 Kimbunga Chido kikaingilia Mecúfi, kusini ya Pemba, nguzo zikalala tena. Mafundi waliorudi kazini vita havijaisha tunawashukuru kwa dhati.

Lalamiko letu ni kwamba kila baada ya balaa hurudishwa kilekile kilichokuwapo. Njia moja ndefu inayotoka kusini, ikapitia Awasse, ndiyo inayotegemewa na kaskazini yote. Nguzo za njia hiyo zikilala upande wa Macomia, Palma nayo inazimika, hata kama huku upepo haukudondosha jani.

Na nishati tunayo mlangoni. Tangu Novemba 2022 gesi ya bahari yetu inasafirishwa ng'ambo kutoka kwenye meli ya Coral Sul. Ndugu zetu wa Mtwara, kuvuka Ruvuma tu, wamewasha taa kwa gesi ya Mnazi Bay kwa miaka mingi. Sisi tunatazama meli zikipita.

Tunawaomba wahusika wa nishati wafanye mambo mawili. Palma ipewe mtambo wake, wa gesi au wa jua wenye betri, uweze kuendesha zahanati, pampu za maji na mashine za barafu njia kuu ikikatika. Visiwani ijengwe mitambo midogo ya jua, kwa kuwa nguzo za bara hazitatufikia kamwe. Msimu mwingine wa vimbunga unakuja, na fedha za ukarabati zitatoka tena. Safari hii zinunue njia ya pili ya kupata umeme.

Mchuuzi wa samaki,
Vamizi